Saba mara nane: shajara ya binti na kikokotoo

Jumamosi, 20 Januari 2024

Nafungua daftari hili kwa sababu ya 100 kugawanya kwa 10.

Binti wa kaka yangu amehamia kwangu hapa Makorora, Tanga, tangu shule zifunguliwe, ili awe karibu na shule. Yuko Kidato cha Tatu. Juzi usiku alikuwa mezani anafanya zoezi la Fizikia, mimi nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye kikokotoo. Moja, sifuri, sifuri, alama ya kugawanya, moja, sifuri. Akasoma kioo, akaandika 10, akaendelea.

Nikamwuliza, "Mwanangu, hata hiyo?"

"Ipi, shangazi?"

Hakujua kabisa nazungumzia nini. Hapo ndipo nilipoogopa. Angeniambia amechoka, au ana haraka, ningelala vizuri. Lakini mkono ulikwenda wenyewe.

Nimefundisha Hisabati shule ya msingi miaka 14. Mtoto huyu namjua. Alipokuwa darasa la nne alikuwa akija kwangu likizo na kuimba tebo uani huku anaruka kamba, hadi tebo ya 12. Sasa ana miaka kumi na sita na hana imani na kumi kwa kumi.

Nimetoa kabatini karatasi za nyuma za mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne nilizonazo. Maswali 14, saa tatu, na ukurasa wa kwanza unasema wazi: majedwali ya hisabati ya Baraza la Mitihani yanaruhusiwa, vikokotoo haviruhusiwi. Yeye atakaa chumba hicho Novemba mwaka kesho. Ana kama miezi 22.

Sitamnyang'anya kikokotoo. Kinamfaa kwenye Fizikia na Kemia, na wazazi wake walijinyima kukinunua. Ninachotaka kujua kwanza ni kitu gani hasa kimepotea, maana mtoto huyu si mzito.

Jumamosi, 27 Januari

Kipimo cha kuanzia. Maswali 20, kikokotoo kipo mezani, nimemwambia afanye kama kawaida yake. Nilikaa pembeni na kuhesabu.

Alikishika kwenye maswali 17. Matatu aliyoyafanya kwa kichwa ni 2 + 2, 10 + 5 na 3 × 2. Yaliyonigusa zaidi nayaandika hapa:

250 + 250, alibonyeza.
Kipeuo cha pili cha 72, aliandika 8.485. Swali lilitaka kirahisishwe, yaani 6 nje na 2 ndani ya alama ya kipeuo.
5/6 + 3/4, aliandika 1.583. Sehemu zimeyeyuka. Nilipomwomba anirudishie 1.583 iwe sehemu, alikaa kimya muda mrefu. Jibu lilikuwa 19/12.
x² − 13x + 36, kutafuta vigawo. Hili lilinichukua dakika sita za kumtazama. Alibonyeza 36 ÷ 1, 36 ÷ 2, 36 ÷ 3, kila mara anaandika pembeni, kisha anabonyeza kujumlisha. Alifika kwenye 4 na 9, lakini alifika amechoka.

Swali hili la mwisho ndilo lililonifungua macho. Tebo mtoto anaijifunza kwa kwenda mbele, nne mara tisa thelathini na sita. Aljebra inaidai kwa kurudi nyuma. Inakupa 36 na kukuuliza, nani na nani wamezaa huyu, na wakikaa pamoja wanafanya 13? Kikokotoo hakijui kurudi nyuma namna hiyo. Kinasubiri uziingize namba, na namba ndizo zinazotafutwa.

Jumamosi, 3 Februari

Mbinu ya kwanza. Kila akibonyeza, achore kijistari kwenye daftari dogo. Nia ni ajione mwenyewe.

Wiki hii: vijistari 71.

Jumamosi, 10 Februari

Vijistari 58. Analalamika kwamba kuchora kunamkatisha mawazo. Nikamwambia avumilie.

Jumamosi, 17 Februari

Vijistari 12! Nimempongeza mbele ya babu yake, nikampikia samaki wa kupaka.

Jumatatu, 19 Februari

Nilifungua simu yangu kupiga hesabu ya mchango wa harusi. Kikokotoo cha simu huweka kumbukumbu ya kila kilichofanyika. Nikakuta 9 × 6. 48 ÷ 4. 15 + 17. Orodha ndefu, na zote za saa mbili usiku, saa ninayokuwa jikoni.

Niliumia, na mwanzo niliumia kwa ajili yangu mwenyewe, kwa sababu ya ule mchuzi wa nazi. Nilimwita. Alilia kabla sijasema neno.

"Nilitaka namba zipungue, shangazi. Ulikuwa unafurahi zikipungua."

Nimekaa na sentensi hiyo usiku huu. Makosa ni yangu. Nilimfanya aone kubonyeza ni dhambi, na mtu akishutumiwa kwa dhambi hujificha. Vijistari vilipungua kwenye daftari tu, tatizo lilikuwa palepale na sasa limeongezewa aibu. Daftari la vijistari nimelifunga leo na sitalifungua tena.

Jumamosi, 24 Februari

Leo hatukufanya hesabu. Mama jirani mwenye genge alikwenda msibani, akamwomba binti amshikie genge hadi adhuhuri. Nilikwenda kununua nyanya nikasimama pembeni.

Mteja kachukua mafungu matatu ya nyanya, kila fungu 700, katoa noti ya 5,000. Binti hakutafuta simu wala karatasi. Alisema kwa sauti ndogo, "Elfu mbili na mia. Mia nne, elfu mbili mia tano," akaweka mia nne mkononi mwa mteja, "na mbili mia tano, tano," akaweka 2,500. Chenji 2,900, na mteja wa pili alikuwa keshaanza kuuliza bei ya bamia.

Jioni nilimwandikia kwenye karatasi 5000 − 2100. Akanyoosha mkono kuomba kikokotoo.

Kwa hiyo uwezo upo. Upo genge, haupo mezani. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimejua, na nimejua kwa bahati. Nilikuwa nasukuma chapati, yeye anakata kitunguu. Sikuwa hata na nia ya kumpima, nilikuwa nawaza darasa langu la Jumatatu, nikatamka tu:

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

Palepale, kama mwangwi. Na juzi Alhamisi hiyohiyo 7 × 8 alikuwa ameibonyeza mbele yangu.

Nikaweka kifimbo cha kusukumia chapati chini. "Nane mara tisa?" "Sabini na mbili." "Sita mara saba?" "Arobaini na mbili." "Kumi na mbili mara kumi na mbili?" "Mia moja arobaini na nne." Alikuwa anacheka, amesahau kwamba ni hesabu.

Kisha nikasema, "Seven times eight?"

Akanyamaza. Macho yakaenda mezani, kilipo kikokotoo. Kitunguu mkononi.

Tulikaa jikoni mpaka chapati moja ikaungua. Akaniambia kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu. Wiki za mwanzo za Kidato cha Kwanza mwalimu alimsimamisha ubaoni, akamwuliza kwa Kiingereza saba mara nane. Alilijua jibu. Lilikuja kichwani kwa Kiswahili, akawa analitafutia Kiingereza chake, hamsini ni "fifty" au "fifteen", na katika kuhangaika akatamka "fifty four". Darasa likacheka. Mwalimu akasema mtoto amefika sekondari hajui tebo. Akakaa chini akiamini hivyo, kwamba hajui tebo. Alipopata kikokotoo Kidato cha Pili, aliona kimemwokoa, kwa sababu kikokotoo hakimwulizi kwa lugha yoyote. Unaingiza tarakimu, kinatoa tarakimu.

Wiki sita hizi mimi nimekuwa namtibu uvivu. Mgonjwa alikuwa na maradhi mengine kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Niliona nisiamini jikoni peke yake. Nimetengeneza kadi 24, zote za tebo ya 6 hadi ya 12. Kumi na mbili namsomea kwa Kiingereza na ajibu kwa Kiingereza, kumi na mbili kwa Kiswahili, nimezichanganya, kila moja sekunde tano.

Kiingereza: 5 sahihi.
Kiswahili: 11 sahihi. Iliyokosewa ni kumi na mbili mara saba, aliyosema themanini na sita.

Mtoto mmoja na kadi 24 si utafiti, hilo nalijua. Lakini kwangu mimi ninayetaka kumsaidia mtoto huyu mmoja, inatosha.

Nikamwuliza, ukiona 7 × 8 imeandikwa kwenye daftari, kichwani unaisomaje? Akasema kwa Kiingereza, kwa sababu somo ni la Kiingereza. Hapo ndipo mlango ulipojifunga. Alama zenyewe hazina lugha, angeweza kuzisoma apendavyo. Ila shuleni amezoeshwa kwamba Kiswahili kimebaki nyuma, pamoja na sare ya shule ya msingi.

Kanuni mpya ya mradi: kichwani hesabu kwa Kiswahili, mkononi andika kwa Kiingereza. Midomo ichezecheze ikibidi. Hakuna msimamizi wa mtihani anayesikia kichwa cha mtu.

Jumatano, 20 Machi

Ramadhani imeingia, tunafanya kidogo tu baada ya tarawehe, robo saa hivi. Mwili umechoka lakini kichwa chake kimetulia kuliko Januari. Naandika machache.

Ijumaa, 29 Machi

Robo saa za Ramadhani zimezaa kitu nisichokitarajia. Tumeanza kuandika kamusi.

Ilianzia kwenye LCM. Alikuwa na swali la LCM ya 6 na 8, akaniambia mada hii ni ngumu na hajawahi kuielewa tangu Kidato cha Kwanza. Nikamwambia, "Nitafutie KDS ya 6 na 8." Kigawe Kidogo cha Shirika, cha darasa la tano. "Ishirini na nne," akajibu. Nikamwonyesha swali lake. Alilitazama muda. "Shangazi, LCM ndiyo KDS?"

Ndiyo, mwanangu. Na HCF ni KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika. Na ile BODMAS unayoiogopa ni MAGAZIJUTO yako: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. "Even", "odd" na "prime" ni shufwa, witiri na tasa. Mzingo, eneo, kipeo, kipeuo, zote hizo alikuwa nazo, na zote alizifungia alipovua sare ya shule ya msingi, akaanza kujifunza upya vitu vilevile kwa majina mageni kana kwamba havijawahi kuwepo.

Hili linaniuma, na nalisema kama mwalimu wa shule ya msingi. Sisi tunawapa watoto miaka saba ya hesabu kwa Kiswahili. Wenzetu wa sekondari wanawapokea kwa Kiingereza. Kati yetu na wao pana mto, na sikumbuki hata siku moja ambapo mimi mwenyewe nimemkalisha mtoto wa darasa la saba nikamwambia, kule unakokwenda KDS itaitwa hivi, usitishike, ni yuleyule. Nilidhani wataona wenyewe. Wengine huona. Wengine hutafuta mtumbwi, na mtumbwi ulio karibu ni kikokotoo.

Kamusi ina maneno 31 hadi leo. Ameipamba jalada.

Jumamosi, 13 Aprili

Idi imepita. Tumerudi kwa nguvu, na sasa nataka tushughulike na kikokotoo chenyewe. Sitaki akiogope kama alivyoogopa ubao.

Nilimletea viwili mezani: chake cha sayansi, na kile kikubwa cha mama jirani cha dukani chenye vitufe vya kawaida tu. Nikamwambia aingize 2 + 3 × 4 kwenye vyote.

Chake kikasema 14. Cha dukani kikasema 20.

Aliingiza tena. Vilevile. "Kimoja kimeharibika," akasema. Hakuna kilichoharibika. Cha dukani hufanya kila tendo linapofika, kinajumlisha 2 na 3 kwanza kwa sababu ndivyo vilivyotangulia, kisha 5 mara 4. Cha sayansi kimetengenezwa kifuate MAGAZIJUTO, kinasubiri, kinazidisha kwanza. "Sasa nani atakuambia lipi ni sahihi?" Akafikiri. "Mimi."

Nilifurahi sana kwa neno lile.

Baada ya hapo nikampa kanuni ya pili, nayo ndiyo imechukua nafasi ya vijistari. Kabla ya kubonyeza, andika kadirio kwa penseli pembeni. Kubonyeza ni ruhusa kabisa, hata mara mia, ila kadirio litangulie. 19.6 × 5.1, andika "kama 100". Kioo kikisema 99.96, umekubaliwa. Kikisema 999.6, kidole kimekosea nukta.

Makadirio yake ya kwanza yalikuwa ya ajabu. Kubwa kuliko yote lilikuwa 4 ÷ 0.5, aliandika "2", kioo kikasema 8, akafuta lake. Sikumfafanulia. Nilimwuliza, "Nina kilo nne za unga, nafunga pakiti za nusu kilo. Pakiti ngapi?" "Nane." Akaangalia karatasi. Akaangalia tena. Akachora pakiti nane pembeni, mbilimbili, ingawa hakuna aliyemwambia achore.

Jumamosi, 20 Aprili

Njia zake mwenyewe za kichwa, nilizozisikia wiki hii bila kumfundisha: 25 × 16 aligeuza kuwa 100 × 4. 18 × 5 alifanya nusu ya 180. Themanini na nne, ile kumi na mbili mara saba iliyomshinda, sasa anaipata kwa sabini na kumi na nne.

Jumamosi, 27 Aprili

Majedwali. Hii ni siku ndefu, nitaiandika yote kwa sababu ndicho chombo atakachoingia nacho mtihani.

Nilimwonyesha kwanza 36.5 × 4.82. Logi ya namba ni kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kuipata namba hiyo. Logi ya 36.5 ni 1.5623, ya 4.82 ni 0.6830, ukijumlisha 2.2453. Unarudi kwenye jedwali la antilogi, la kutoka logi kurudi kwenye namba, kwa 0.2453, unapata 1.759, na ile 2 iliyobaki mbele inakuambia nukta ikae wapi: 175.9. Akaangalia kwa kikokotoo, 175.93. Hapo hapakuwa na shida. Alivutiwa kwamba kuzidisha kumegeuka kujumlisha. Nikamsimulia kwamba Mskoti John Napier alizichapisha logi zake mwaka 1614, na Henry Briggs akazipanga kwa kizio cha 10 kama tunavyozitumia, na kwamba kwa zaidi ya miaka 300 mabaharia, wahandisi na wanaastronomia walifanya hesabu zao kwa vitabu kama hiki. Alitaka kujua kama Napier alikuwa na kikokotoo cha kuyahakiki majedwali yake. Hakuwa nacho, alipiga kila kitu kwa mkono, kazi ya karibu miaka 20.

Kisha tukagonga mwamba. Logi ya 0.0482. Jedwali linampa 2 yenye mstari juu, nukta 6830. Kikokotoo chake kinampa −1.317.

"Jedwali limekosea."

Si yeye peke yake, nadhani nusu ya Tanzania imewahi kusema hivyo. Ule mstari juu ya 2 unamaanisha 2 peke yake ndiyo hasi, 0.6830 imebaki chanya. Hasi 2 ukiongeza 0.6830 ni hasi 1.317. Ni namba ileile imevaa nguo mbili. Lakini kumwambia haikutosha, aliitikia kwa kichwa na macho yakabaki pale. Nikajaribu ngazi za nyumba, nikajaribu joto, vyote havikushika. Kilichoshika ni deni. Unadaiwa 2,000 genge, mfukoni una 683. Ukilipa ulizonazo, unabaki unadaiwa ngapi? "Elfu moja mia tatu na kumi na saba." Akazitazama zile tarakimu, 1317, akazishika kwa kidole kwenye kioo, kisha kwenye jedwali.

Kuna jambo hapa nalifikiria bado. Jedwali linadai umjue namba kabla ya kumtafuta: yuko kati ya ngapi na ngapi, nukta yake iko wapi. Kikokotoo hakidai hivyo. Mtu anaweza kutumia kikokotoo miaka miwili bila kuulizwa hata mara moja namba yake ina ukubwa gani.

Jumamosi, 4 Mei

Tahadhari ya kimbunga Hidaya, tumekaa ndani siku nzima. Babu katoa bao. Mashimo 32, kete 64, na kwenye namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji anaanza na 22 mkononi. Babu hajawahi kusoma zaidi ya darasa la nne, na kabla hajagusa kete anajua ya mwisho itaangukia wapi na italeta nini. Binti alipigwa michezo mitano. Wa sita nilimwona ametulia, midomo inacheza. Alipigwa tena, lakini babu alisema, "Huyu sasa anahesabu."

Jumamosi, 18 Mei

Aliingia mlangoni na mkoba bado mgongoni, hata shikamoo ilichelewa.

Rafiki yake aliazima kikokotoo kwenye kipindi, akakirudisha. Wakaendelea na trigonometria. Alitakiwa apate sine ya nyuzi 30. Pembeni kwa penseli alikuwa ameandika "nusu", kwa sababu ya ule mchoro wa pembetatu tuliouchora wiki iliyopita. Akabonyeza. Kioo kikasema −0.988.

"Shangazi, nikasema hapana. Nikakiambia hapana. Pembe ni ndogo, iko robo ya kwanza, haiwezi kuwa hasi. Wenzangu wawili waliokuwa wanachungulia jibu langu walishaandika."

Alitafuta mwenyewe hadi akaona juu ya kioo pana herufi R badala ya D. Rafiki yake alikuwa amekibadilisha kikawa kinasoma radiani, kipimo kingine cha pembe. Akarudisha kwenye nyuzi, 0.5 ikatokea.

Nimemwomba anisimulie mara mbili. Mara ya pili nilikuwa namsikiliza sauti tu.

Alhamisi, 30 Mei

Matokeo ya mtihani wa muhula. Hisabati 47. Mwaka jana alipata 29. Hakuna kikokotoo kilichoingia chumbani.

Tumepitia karatasi pamoja. Alama alizopoteza: swali la kugawanya sehemu kwa sehemu, lote. Namba hasi, hapa na pale, hasa −3 ikipandishwa kipeo cha pili, anayoiandika −9 kwa sababu ndivyo kikokotoo chake kinavyomwambia asipoweka mabano. Swali moja la maneno hakulielewa Kiingereza chake, neno "consecutive". Nimemwambia ni mfuatano, yaani zinazofuatana. "Zinazofuatana tu?" akasema, na akalifanya palepale kwa dakika mbili. Limeingia kwenye kamusi, la 58.

Swali la vigawo lilikuwa x² − 11x + 24. Pembeni yake, kwa penseli nyepesi ambayo mwalimu labda hakuiona, ameandika kwa Kiswahili: "tatu na nane".

Jumamosi, 8 Juni

Amekwenda kwao likizo. Amechukua kamusi, majedwali na kikokotoo, maana ana kazi ya Fizikia ya likizo. Mimi nimenakili kamusi kabla hajaondoka. Jumatatu nitaongea na mwalimu mkuu nipewe vipindi viwili vya darasa la saba kabla ya mtihani wao wa mwisho, niwape watoto orodha hii, angalau maneno 20 ya mwanzo.

Muhula ujao: kugawanya sehemu kwa sehemu, namba hasi na mabano, sentensi za maswali ya maneno. Kununua penseli za HB. Kumtengenezea babu kete nne zilizopotea.